Kiharusi na Mishipa ya Ubongo: Jinsi Upasuaji Ulivyotenganisha Maradhi Mawili Yenye Jina Moja

I

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi matabibu walivyojifunza kutibu, kwanza kwa kisu na baadaye kwa vyombo vyembamba kuliko kisu, maradhi ya mishipa ya damu iliyomo ubongoni. Huenda msomaji akauliza: jambo hili lawahusu nini wataalamu wa lugha? Jawabu ni kwamba historia hii, ukiitazama vema, ni historia ya kutenganisha mambo ambayo zamani yaliitwa kwa jina moja. Matabibu walipopata kutofautisha jambo na jambo, tiba ilifuata. Na tofauti ilipofichika, mgonjwa ndiye aliyeumia. Nasi wasemaji wa Kiswahili tungali tunalo jina moja, kiharusi, kwa mambo mawili yaliyo kinyume.

Mambo yenyewe ni haya. Kwanza, mshipa wa ubongo waweza kupasuka, damu ikamwagika mahali isipotakiwa. Pili, mshipa waweza kuzibwa na bonge la damu iliyoganda, hata damu isifike mahali inapotakiwa. Mgonjwa, akitazamwa kwa nje, aweza kuonekana yule yule: mdomo umepinda, mkono hauinuki, ulimi umekuwa mzito. Lakini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo yaweza kumwokoa aliyezibwa mshipa, yaweza kumwua aliyepasukiwa na mshipa. Hapo ndipo tofauti ya maneno inapokuwa tofauti ya uhai na mauti.

II

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tuyapime maneno tuliyo nayo. Tuna kitenzi kupooza. Embe likianguka kabla ya kukomaa husemwa kuwa limepooza, na kiungo cha mtu kikikosa nguvu husemwa vivyo hivyo. Ni neno zuri, lakini lataja mkono na mguu, halitaji ubongo. Na pengine ndiyo sababu watu wengi, waonapo mtu amepooza, hufikiri kwanza habari ya kukikanda na kukichua kiungo, hali chanzo cha ugonjwa ki mbali na kiungo hicho. Kisha tuna neno mshipa, ambalo lina mzigo mkubwa zaidi. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni. Mshipa ni njia ya damu irudiyo moyoni. Mshipa ni uzi wa fahamu upelekao habari za maumivu. Na katika mazungumzo ya watu, mtu akisemwa "ana mshipa", maana yake yaweza kuwa ugonjwa wa chini ya kitovu usiohusiana na hayo yote. Katika makala haya tutatumia ateri kwa mshipa utoao damu moyoni, vena kwa mshipa uirudishao, na neva kwa uzi wa fahamu, kama ilivyokwisha kuwa desturi ya vitabu vya elimu ya viumbe.

Tusidhani kwamba upungufu huu ni wa Kiswahili peke yake. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kuangushwa kwa pigo, na Waingereza mpaka leo huuita pigo tu. Neno la namna hiyo laeleza kile anachokiona mtazamaji: mtu alikuwa amesimama, sasa yu chini. Halielezi kilichotokea ndani. Muda wa karne nyingi matabibu wa Ulaya walikuwa na jina hilo moja, wala hawakuwa na tiba iliyofaa.

Mwanzo wa kutenganisha ulikuwa katika karne ya 17. Mnamo mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, tabibu wa mji wa Schaffhausen katika Uswisi, alichapisha kitabu juu ya wagonjwa waliokufa kwa pigo hilo. Alikuwa amewapasua maiti akaona kwamba wengine walikuwa na damu iliyomwagika ubongoni. Tena alieleza kwamba ugonjwa waweza pia kutokea ateri zinapozibwa. Miaka 6 baadaye, mwaka 1664, Mwingereza Thomas Willis alitoa kitabu chake juu ya ubongo, na baadhi ya picha zake zilichorwa na Christopher Wren, yule mjenzi mashuhuri. Willis alieleza kwamba ateri ziingiazo katika fuvu hukutana chini ya ubongo na kufanya duara. Faida ya duara hiyo ni kama faida ya mifereji ya shamba iliyounganishwa: mmoja ukizibwa, maji huweza kupita kwa mwingine. Tena alisimulia habari ya mtu ambaye ateri yake moja ya shingo ilikuwa imezibwa kabisa, naye hakupata kupooza, bali alikufa kwa ugonjwa mwingine. Duara ile ndiyo iliyokuja kuwapa wapasuaji ujasiri.

III

Ugonjwa wa kwanza waliojaribu kuutibu ulikuwa ule wa kifuko. Ukuta wa ateri ukidhoofika mahali, hasa pale ateri inapogawanyika panda, msukumo wa damu hulitokeza nje eneo lile dhaifu, kama mpira wa gurudumu unavyotokeza uvimbe palipochakaa. Kifuko hiki huwa na shingo na tumbo. Chaweza kukaa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Kisha siku moja hupasuka, na mtu hushikwa ghafula na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Asipokufa papo hapo, yumo hatarini kwa kuwa kifuko chaweza kupasuka mara ya pili katika siku chache zijazo.

Njia ya kwanza ilitoka mguuni. Mnamo mwaka 1785 mpasuaji John Hunter wa London aliifunga ateri ya paja la mtu aliyekuwa na kifuko nyuma ya goti. Hakukigusa kifuko chenyewe. Aliufunga mshipa upande wa juu, damu ikapungua kukifikia, na mguu ukaendelea kuishi kwa njia ndogo za kando. Mwanafunzi wake, Astley Cooper, aliihamisha hekima hiyo shingoni. Mwaka 1805 aliifunga ateri ya shingo ya mgonjwa mwenye kifuko mahali hapo, na mgonjwa akafa. Mwaka 1808 alirudia kwa mgonjwa mwingine, naye aliishi miaka 13 baadaye. Na mnamo mwaka 1885 Victor Horsley, katika mji huo huo, alifunga ateri ya shingo kwa ajili ya kifuko kilichokuwa ndani ya fuvu.

Tazama hapo namna ya fikira. Mpasuaji alikuwa kama mtu afungaye mfereji barabarani kwa sababu bomba limevuja ndani ya nyumba asiyoweza kuingia. Pengine uvujaji ulikoma. Pengine nyumba nzima ilikosa maji, yaani nusu ya ubongo ilikosa damu na mgonjwa akapooza kwa tiba yenyewe. Jambo lililokosekana lilikuwa kuona.

IV

Aliyeleta macho alikuwa Mreno, Egas Moniz, wa Lisbon. Picha za eksirei zilikuwako tangu mwaka 1895, lakini zilionyesha mfupa. Ubongo na mishipa yake havikuonekana. Moniz alifikiri kwamba kama ateri za shingo zikitiwa maji ya dawa isiyopenywa na mionzi, basi mti mzima wa mishipa utaonekana katika picha. Majaribio ya kwanza yalikuwa na hasara, hata mgonjwa mmoja akafa. Mwishowe, mwezi wa Juni mwaka 1927, alifaulu. Tangu siku hiyo mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai iliweza kusomwa kama ramani ya mito. Ajabu ni kwamba Moniz alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949 hakupewa kwa kazi hii, bali kwa ile ya kukata nyuzi za ubongo za wagonjwa wa akili, kazi ambayo baadaye ililaumiwa sana.

Mnamo mwaka 1931, Norman Dott wa Edinburgh alimfungua fuvu mgonjwa aliyekuwa amevuja damu zaidi ya mara moja, akakifikia kifuko chenyewe. Alipokikaribia, damu ilifumuka. Alichukua kipande cha nyama kutoka katika paja la mgonjwa huyo huyo, akakizungushia kifuko mpaka damu ikakoma. Mgonjwa alipona. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mpasuaji alipokusudia kukitibu kifuko cha ubongo mahali kilipo.

Hata hivyo, kukizungushia kifuko nyama ni kukitia nguvu tu, si kukiondoa katika mwendo wa damu. Hatua hiyo ilichukuliwa na Walter Dandy katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, tarehe 23 Machi 1937. Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 43, na kifuko chake kilikuwa kikiigandamiza neva ya jicho. Dandy alitia kibanio kidogo cha fedha katika shingo ya kifuko, akaibana. Damu ikaendelea na safari yake ndani ya ateri, wala haikuingia tena kifukoni. Vibanio vya fedha vilikuwa vimebuniwa na Harvey Cushing, aliyevieleza mwaka 1911, kwa kusudi la kuzuia damu katika upasuaji wa vivimbe vya ubongo. Hivyo chombo kilikuwako muda wa miaka 26. Kilichongojewa ni mtu wa kukitofautisha kifuko na mshipa wake, na kuona kwamba cha kufungwa ni shingo ya kifuko peke yake.

V

Shingo hiyo aghalabu ni nyembamba, na karibu yake hupita vijiateri ambavyo kimoja chake kikibanwa kwa bahati mbaya mgonjwa hupooza. Jicho tupu halikutosha. Mwaka 1957 Theodore Kurze wa Los Angeles alianza kutumia hadubini katika upasuaji wa fuvu. Aliyeifanya hadubini kuwa desturi ya kazi hii ni Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Zürich. Alikwenda Burlington, katika jimbo la Vermont la Marekani, akajifunza kwa Donaghy namna ya kushona mishipa midogo mno kwa uzi usiozidi unywele. Aliporudi Zürich, mwezi wa Oktoba mwaka 1967, aliunganisha ateri ya ngozi ya kichwa na ateri ya ubongo kupitia tundu la fuvu, ili damu ipate njia ya pembeni kukipita kizuizi.

Hapa ndipo tunapovuka kutoka maradhi ya kupasuka kwenda maradhi ya kuziba. Fikira ya njia ya pembeni ilipendeza mno: mfereji umezibwa, basi chimba mwingine. Wapasuaji wa nchi nyingi waliifuata. Lakini mwaka 1985 yalitolewa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Henry Barnett wa Kanada, lililowagawa wagonjwa 1,377 kwa kura, wengine wapasuliwe na wengine wapewe dawa tu. Njia za pembeni zilibaki wazi kwa wagonjwa 96 katika kila 100. Kazi ya mkono ilikuwa safi. Walakini waliopasuliwa hawakupata nafuu kuliko wenzao, na upasuaji ukaachwa karibu kila mahali. Ni somo kubwa: tiba yaweza kufanywa kwa ustadi mkamilifu na isiwe na faida, ikiwa wagonjwa wa namna mbalimbali wamewekwa pamoja chini ya jina moja.

Wako waliobakia kufaidika na njia hiyo, nao wana jina lao. Mwaka 1969 Suzuki na Takaku wa Japani walieleza ugonjwa ambao ateri zilizo chini ya ubongo hujifunga pole pole, na mahali pake huota vijimshipa vingi visivyo na nguvu. Katika picha vijimshipa hivyo vilionekana kama wingu la moshi wa sigara, nao wakauita moyamoya, neno la Kijapani la kitu chenye ukungu kama moshi. Jina hilo sasa latumika ulimwenguni kote. Wajapani hawakungoja jina kutoka kwa Wayunani. Walitazama, wakataja walichokiona kwa lugha yao, na walimwengu wakawafuata.

Upande wa shingoni habari ilikuwa njema zaidi. Mwaka 1951 Miller Fisher, aliyekuwa Montreal, alionyesha kwamba viharusi vingi vya kuziba vyatoka katika ateri za shingo zilizojaa mafuta magumu, vipande vyake vikakatika na kuchukuliwa na damu hadi ubongoni. Mwaka 1953 Michael DeBakey wa Houston aliifungua ateri ya namna hiyo akaikwangua. Na mwaka 1954 Eastcott, Pickering na Rob wa London walikata kipande kibovu wakaunganisha ncha mbili nzima. Kwa miaka karibu 40 watu walibishana kama kazi hii yafaa. Barnett yule yule aliongoza jaribio jingine, na mwaka 1991 jawabu likapatikana: kwa wagonjwa waliokwisha onyesha dalili, ambao ateri yao imezibwa kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 99, waliopata kiharusi upande huo katika miaka miwili walikuwa asilimia 26 kwa dawa tu, na asilimia 9 kwa upasuaji. Mara hii wagonjwa walikuwa wametengwa vema, na faida ikaonekana.

VI

Sasa twafika kwenye jambo litakalomfurahisha mwanalugha. Neno upasuaji latokana na kupasua. Lakini tiba nyingi za siku hizi katika elimu hii hazipasui fuvu. Tabibu hutoboa ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, akapitisha mrija mwembamba ndani ya njia ya damu yenyewe mpaka ubongoni, huku akiutazama katika picha za eksirei. Katika miaka ya 1970 Fedor Serbinenko wa Moscow alitangaza kazi yake ya kupeleka puto dogo kwa njia hiyo, likajazwa na kuachwa huko liwe kizibo. Mwaka 1990 Mwitaliano Guido Guglielmi, akiwa Los Angeles, alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa uzi laini wa platini uliosokotwa: uzi hujikunja ndani ya kifuko kama mshipi wa mvuvi kikapuni, kisha umeme mdogo huutenga na waya ulioupeleka. Damu huganda katikati ya nyuzi, na kifuko huzibwa kwa ndani.

Ikabidi kuuliza: kibanio au uzi? Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 2,143 waliopasukiwa na kifuko ambacho kingeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa njia ya mrija na asilimia 30.6 kwa kibanio. Kibanio hakikufa, kuna vifuko vyenye shingo pana au vilivyokaa vibaya ambavyo bado vyahitaji mkono wa mpasuaji. Tofauti nyingine ikapatikana, na tiba mbili zikagawana kazi.

Kwa kiharusi cha kuziba, mlango ulifunguliwa na mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya Godfrey Hounsfield iliyounganisha eksirei na kompyuta. Tangu hapo damu iliyomwagika ubongoni iliweza kuonekana bila kumtoboa mgonjwa. Pasipo picha hiyo dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo faida yake ilithibitishwa mwaka 1995 ikitolewa katika saa 3 za mwanzo, isingeweza kutolewa kwa salama. Na bonge likiwa kubwa, dawa mara nyingi hushindwa. Basi wakabuni mrija wenye wavu wa kulinasa bonge na kulivuta nje. Mwaka 2015 jaribio la Uholanzi la wagonjwa 500 lilionyesha kwamba, baada ya siku 90, walioweza kujitegemea walikuwa asilimia 32.6 kwa waliovutwa bonge, na asilimia 19.1 kwa wenzao. Mwaka 2018 ilithibitishwa kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu waweza kufaidika hata baada ya saa nyingi, mpaka saa 24.

VII

Kutokana na hayo tupate nini kwa lugha yetu? Wako watakaosema kwamba jina kiharusi lifutwe, na mahali pake yawekwe majina mawili ya kigeni yaliyotiwa sauti za Kiswahili. Sikubaliani nao, kwa sababu mbili. Kwanza, aliye nyumbani hawezi kujua kama mshipa umepasuka au umezibwa; hata tabibu hawezi kuapa mpaka aone picha. Hapo jina moja lina manufaa, kwa kuwa laamuru jambo moja: mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi, wala usimpe aspirini wala dawa nyingine ya kuizuia damu isigande, kwani hujui ni kipi kilichompata. Jina hilo la jumla na libaki mlangoni.

Pili, baada ya picha, ndugu za mgonjwa wana haki ya kuambiwa kwa lugha wanayoielewa. Vitenzi tunavyo, navyo vi wazi kuliko maneno yoyote ya kuazima: kiharusi cha kupasuka na kiharusi cha kuziba. Mwenye kuyasikia maneno hayo hahitaji kamusi. Ajua mara moja kwa nini mmoja apewa dawa ya kuyeyusha na mwingine akatazwa. Wataalamu, katika vitabu vyao, waweza kuongeza ateri, vena na neva, ambazo zaondoa utata wa mshipa. Vivyo hivyo kifuko, shingo ya kifuko, kibanio, njia ya pembeni na mrija ni maneno yaliyokwisha kuwamo nyumbani mwetu, na katika makala haya yametosha kuisimulia kazi ya karne mbili na zaidi. Kuhusu upasuaji usiopasua, napendekeza tuuite tiba ya mrija, ili mgonjwa asije akaikataa kwa kuogopa kufunguliwa fuvu ambalo hakuna anayekusudia kulifungua.

Aghalabu twasikia kwamba istilahi hufuata elimu kama kivuli kimfuatavyo mtu. Katika habari hii mambo hayakuwa hivyo. Wepfer alitenganisha kwa maneno kile ambacho mikono ya watu ilikuja kukitibu karibu karne 3 baadaye. Kazi ya kutenganisha maana ni kazi yetu sisi wa lugha, nayo yatakiwa iwe tayari kabla mgonjwa hajafika mlangoni pa hospitali.